SOMO LA WANACHAMA: MWANACHAMA ANAPOACHISHWA KAZI

Shabaha ya somo hili ni kuwasaidia makatibu, wajumbe wa kamati na wanachama kuelewa mambo yanayompata mfanyakazi na jamaa zake baada ya kuachishwa kazi, na kuutambua wajibu wa chama katika hali hiyo. Somo limekusudiwa kusomwa katika vikundi, sehemu moja baada ya nyingine. Mwishoni yamewekwa maswali ya majadiliano.

1. Tatizo lenyewe

Kuachishwa kazi kunakozungumzwa hapa si kule kunakotokana na kosa la mfanyakazi. Ni kule kunakotokea pale kiwanda kinapofungwa, shamba kubwa linapouzwa, au mwajiri anapopunguza watu kwa sababu ya gharama. Tanzania inayafahamu mambo haya. Mashamba ya mkonge, ambayo katika miaka ya 1960 yaliajiri maelfu ya watu, yaliporomoka katika miaka iliyofuata. Katika miaka ya 1990, mashirika mengi ya umma yalipobinafsishwa au kufungwa, wafanyakazi wengi walirudi makwao wakiwa na barua mkononi na bila uhakika wa mwezi unaofuata.

Jambo hili huvigusa vyama vya ushirika vya namna zote. Katika chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, michango na marejesho ya mikopo hutokana na makato ya mshahara. Mshahara ukikoma, makato nayo hukoma mwezi uo huo. Katika chama cha mazao, mkulima aghalabu ana mtoto au ndugu aliye mjini ambaye humletea fedha za mbolea na ada za shule. Ndugu huyo akiachishwa kazi, msaada hukoma, na pengine yeye mwenyewe hurudi nyumbani na watoto wake kula katika chungu kile kile.

Kwa kawaida chama hulitambua jambo hili kwa njia moja tu: jina la mwanachama linapoonekana katika orodha ya waliochelewesha marejesho. Hapo huandikiwa barua ya kumdai, kisha barua ya pili, kisha wadhamini wake huitwa. Somo hili linaonyesha kwamba mwendo huo huanza kwa kuchelewa. Mtu aliyepoteza kazi hujitenga na wenzake kabla hajashindwa kabisa kulipa, na chama kinachomngoja aje mwenyewe kueleza shida yake aghalabu hungoja bure.

2. Mfano wa kijiji cha Marienthal

Mambo yanayowapata watu waliopoteza kazi yalichunguzwa kwa makini mno katika kijiji cha Marienthal, nchini Austria, kusini-mashariki ya mji wa Vienna. Kwa muda wa karibu miaka 100 kijiji hicho kilitegemea kiwanda kimoja cha nguo kilichoanzishwa mwaka 1830. Kuanzia katikati ya mwaka 1929 idara za kiwanda zilifungwa moja baada ya nyingine, na mapema mwaka 1930 mashine za mwisho zikasimama. Kijiji kilikuwa na familia 478. Kiasi cha robo tatu ya familia hizo zikawa zinaishi kwa posho iliyotolewa kwa watu wasio na kazi, posho ambayo ilipungua kadiri muda ulivyopita na hatimaye kukoma.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1931 hadi 1932, kundi la watafiti kutoka Vienna lilifika kijijini hapo. Miongoni mwao walikuwamo Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, na matokeo ya kazi yao yalichapishwa katika kitabu mwaka 1933. Hawakwenda kutazama tu. Walikusanya nguo mjini wakazigawa kijijini, wakapanga matibabu bila malipo, na wakaanzisha mafunzo ya ushonaji. Kwa njia hiyo waliaminiwa na kuingizwa majumbani. Tena walipekua kumbukumbu za kila namna, zikiwemo daftari za duka la ushirika la hapo kijijini, maana daftari za ushirika huonyesha hali ya nyumba kabla mwenye nyumba hajasema neno.

Watafiti hao walitazamia kwamba watu wenye muda mwingi wangeutumia kusoma, kuhudhuria vikao na kushughulikia mambo ya kijiji chao. Walikuta kinyume chake. Kijiji kilikuwa na maktaba ya wafanyakazi. Baada ya kiwanda kufungwa, ada ya kuazima vitabu iliondolewa. Hata hivyo, kati ya mwaka 1929 na 1931 idadi ya vitabu vilivyoazimwa ilipungua kwa karibu nusu. Gazeti la wafanyakazi lilipunguzwa bei kwa wasio na kazi, lakini wanunuzi wake walipungua kwa asilimia 60. Vyama vingi vya kijiji vilipoteza wanachama, isipokuwa vichache vilivyompa mtu nafuu ya moja kwa moja ya maisha.

Watafiti walipima hata mwendo wa watu katika barabara kuu ya kijiji. Wanaume wapatao theluthi mbili walisimama mara mbili au zaidi katika umbali wa mita zipatazo 300 tu, kwa kuwa hapakuwa na jambo la kuwaharakisha. Wanawake, ambao bado walikuwa na jiko, maji na watoto, walitembea kwa haraka zaidi. Walipotakiwa kuandika walivyoitumia siku, wanaume wengi hawakuwa na mambo ya kuandika zaidi ya kuamka, kula na kulala.

Funzo la kwanza kwa chama ni hili: ada iliondolewa, na watu hawakuja. Kwa hiyo kuondoa gharama peke yake hakumrudishi aliyevunjika moyo. Mlango ulio wazi hautoshi. Hapana budi mtu atoke amfuate.

3. Mambo ambayo kazi humpa mtu zaidi ya mshahara

Baada ya miaka mingi, Marie Jahoda aliurudia uchunguzi huo na, katika maandishi yake ya mwaka 1982, akaeleza kwamba kazi ya ajira humpa mtu mambo matano mbali na fedha.

(a) Huigawa siku yake: saa ya kuamka, saa ya kazi, saa ya kupumzika.
(b) Humkutanisha na watu wasio wa nyumba yake.
(c) Humshirikisha katika lengo la watu wengi, ambalo peke yake asingelifikia.
(d) Humpa nafasi na heshima katika jamii.
(e) Humlazimisha kuwa na shughuli.

Mambo haya hayaonekani katika karatasi ya mshahara, na kwa sababu hiyo husahauliwa. Mfanyakazi anapoachishwa kazi huyapoteza yote matano kwa siku moja. Ndiyo maana hata yule aliyepata malipo mazuri ya kuachishwa huonekana amepungua. Aliyekuwa akiitwa fundi au karani, sasa watu humwuliza anafanya nini siku hizi, naye hana jibu. Taratibu huanza kuziepuka njia atakakokutana na waliokuwa wenzake, na mkutano mkuu wa chama ni moja ya njia hizo.

Yafaa kila chama kiyatazame tena mambo hayo matano. Chama cha ushirika hakiwezi kumpa kila mwanachama mshahara. Lakini siku ya mkutano, kikundi cha masomo, kazi ya kamati, kuhesabu magunia ghalani na kutembelea wanachama ni shughuli zinazompa mtu saa, wenzake, lengo na heshima. Chama kinavyo vitu hivi tayari, wala havikinunui kwa fedha.

4. Hali ya nyumbani

Upungufu wa fedha hauishii kwenye chakula. Huko Marienthal watafiti walizigawa familia walizozichunguza kwa karibu katika makundi manne kufuatana na hali ya moyo: zilizosimama imara, zilizokwisha kujikatia tamaa kwa utulivu, zilizojaa uchungu, na zilizoacha kujali chochote. Kisha waliyalinganisha makundi hayo na mapato ya mwezi kwa kila mlaji. Zilizosimama imara zilikuwa na shilingi 34 za Austria, zilizofuata 30, kisha 25, na zile zilizoacha kujali 19. Tofauti kati ya nyumba iliyosimama na iliyoanguka ilikuwa ni shilingi chache tu. Makatibu wauzingatie mpango huu wa tarakimu: nafuu ndogo inayotolewa mapema yaweza kuizuia nyumba isishuke daraja.

Watoto nao walielewa zaidi kuliko wazazi walivyodhani. Walipoandika mambo wanayoyatamani kwa sikukuu ya Krismasi, matamanio yao yalikuwa na thamani ya kiasi cha theluthi moja tu ya matamanio ya watoto wa vijiji jirani. Walikuwa wamekwisha kujifunza kutoomba.

Wanawake wengi waliokuwa wakifanya kazi kiwandani, wakirudi jioni kupika na kufua, walisema wangependa kurudi kazini, wala si kwa ajili ya fedha tu. Jambo hili lizingatiwe na wale wanaodhani kwamba mwanamke akiachishwa kazi hapotezi kitu kwa sababu anazo kazi za nyumbani. Hupoteza fedha iliyokuwa mikononi mwake, sauti iliyotokana na fedha hiyo, na wenzake wa kazi.

Katika nyumba nyingi za nchi hii kuna jambo la kuongeza. Mwenye mshahara hulea zaidi ya mke na watoto. Hulea pia wazazi, wadogo zake na watoto wa ndugu. Kwa kuwa watu wote hao humtazama yeye, huona haya kutamka kwamba kazi imekwisha. Wako wanaoendelea kutoka nyumbani kila asubuhi kana kwamba wanakwenda kazini, na wako wanaokopa huku na huko ili mambo yaonekane kama zamani. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Deni lililofichwa miezi sita huwa gumu kuliko lililotajwa katika wiki ya kwanza.

5. Haki ambazo mwanachama apaswa kuzijua

Katibu si mwanasheria, lakini anaweza kumzuia mwanachama asipoteze haki kwa kutojua. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka mambo haya ya msingi:

(a) Mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi sharti atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe.
(b) Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi hustahili notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake.
(c) Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi hustahili malipo ya kiinua mgongo yasiyopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa kiwango cha juu cha miaka 10. Hayalipwi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu.
(d) Hustahili pia malipo ya siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na hati ya utumishi.
(e) Anayeona ameachishwa isivyo halali anapaswa kupeleka lalamiko lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Wengi hupoteza haki hii kwa kungoja ahadi za maneno.

Zaidi ya hayo, mwanachama aulize katika mfuko wake wa hifadhi ya jamii juu ya fao la kukosa ajira, lililowekwa na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018. Aende na hati zake zote, wala asikubali kuwalipa watu wa kati wanaojidai kuharakisha malipo.

6. Wajibu wa chama

Hatua ya kwanza ni kutambua mapema. Makato yasipofika kutoka kwa mwajiri, katibu asingoje mwezi wa tatu. Aulize katika wiki ile ile ni nani wameathirika, na awaandike katika orodha ya pekee, wala si katika orodha ya wakaidi.

Hatua ya pili ni kumtembelea. Wajumbe wawili wanaomfahamu, ikiwezekana mmoja wao akiwa amewahi kupatwa na hali hiyo, waende nyumbani kwake. Ziara ya kwanza isiwe ya kudai. Wamjulie hali, wasikilize, na wamweleze kwamba uanachama wake haukwisha na kazi yake. Mambo watakayoyasikia yasitoke nje ya kamati. Siri ikivunjwa mara moja, nyumba nyingine zote zitajifunga.

Hatua ya tatu ni kupanga upya deni, kwa kufuata masharti ya chama na sheria. Mfano huu wafaa kufanywa ubaoni. Mwanachama alikuwa na mshahara wa msingi wa sh. 520,000 kwa mwezi, yaani sh. 20,000 kwa siku kwa siku 26 za kazi. Alifanya kazi miaka 8. Kiinua mgongo chake ni siku 56, yaani sh. 1,120,000. Akiba yake chamani ni sh. 800,000, na deni lake ni sh. 2,400,000, mbali na riba.

Njia ya kwanza: chama kinachukua kiinua mgongo chote na akiba yote. Deni linabaki sh. 480,000, na wadhamini wawili wanalipa sh. 240,000 kila mmoja. Daftari zinakuwa safi. Lakini nyumba haina kitu, wadhamini wana kinyongo, mwanachama hana akiba wala sababu ya kurudi, na wafanyakazi wengine wanaoyaona hayo wanaanza kutoa akiba zao kabla hawajafikiwa.

Njia ya pili: mwanachama analipa sh. 320,000 na kubakiwa na sh. 800,000 za kuanzia shughuli na kulisha nyumba. Kwa miezi 3 analipa riba tu. Kisha deni la sh. 2,080,000 linalipwa kwa sh. 80,000 kila mwezi kwa miezi 26. Akiba yake inabaki kuwa dhamana, na wadhamini wanaarifiwa wala hawatozwi. Fedha ya chama inarudi polepole, lakini inarudi pamoja na mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba njia ya pili ni kusamehe. Dawa ya deni ni kulipa, na fedha iliyokopeshwa ni akiba ya wanachama wengine, ambao baadhi yao nao ni wanyonge. Mapatano yaandikwe, yatiwe sahihi, na yaangaliwe kila mwezi. Tena kamati isiahidi jambo hilo kwa watu wengi kuliko fedha za chama zinavyoruhusu.

Hatua ya nne ni kumpa kazi ya chama. Mwenye ujuzi wa hesabu asaidie kukagua daftari; fundi atazame mizani na paa la ghala; mwenye sauti aongoze kikundi cha masomo. Kazi hiyo isiwe ya kujifanya. Iwe na siku yake, na ripoti yake isomwe mkutanoni. Panapofaa malipo, alipwe kama mtu mwingine.

7. Kujiandaa kabla ya siku kufika

Hatua hizo nne ni ngumu kuanzishwa siku tatizo linapofika. Mfano wa maandalizi unapatikana katika vyama vya Mondragon, katika jimbo la Basque nchini Hispania. Mwaka 2013 chama chao kikubwa cha kutengeneza vyombo vya nyumbani, Fagor Electrodomésticos, kilifilisika. Vyama hivyo vilikuwa vimejiwekea tangu zamani mfuko wa pamoja wa hifadhi, ambao wanachama huuchangia wakiwa kazini, pamoja na utaratibu wa kumhamishia mwanachama katika chama kingine chenye nafasi. Kwa njia hiyo wengi wa wanachama wafanyakazi walipata nafasi katika vyama vingine au kustaafu mapema. Lakini yapo pia maonyo: wanachama waliokuwa wamewekeza fedha zao za ziada katika chama kile kile kilichowaajiri walipata hasara kubwa.

Chama kidogo hakiwezi kuiga mambo hayo yote. Hata hivyo kinaweza kuanzisha mfuko mdogo wa dharura, kukata bima ya mikopo inayohusu kupoteza kazi pale inapopatikana, kuwashauri wanachama wasitegemee mwajiri mmoja kwa riziki ya nyumba nzima, na kuweka katika masharti yake namna ya kumhudumia mwanachama asiye na mshahara. Masharti mengi yanamtaja mwanachama aliyekufa na aliyefukuzwa. Machache yanamtaja aliyeachishwa kazi. Kifungu hicho chaweza kupendekezwa katika mkutano mkuu ujao.

Maswali ya majadiliano

1. Je, chama chenu kina wanachama wangapi ambao makato yao yamekoma katika miezi 12 iliyopita? Wangapi kati yao wametembelewa?
2. Kwa nini watu wa Marienthal waliacha kuazima vitabu ingawa ada iliondolewa? Ni huduma gani ya chama chenu inayofanana na maktaba hiyo?
3. Fanyeni hesabu ya sehemu ya 6 kwa kutumia mshahara, akiba na deni vilivyo vya kawaida katika chama chenu. Chama kinaweza kubeba mapatano ya namna hiyo kwa wanachama wangapi kwa wakati mmoja?
4. Mdhamini ana haki ya kuarifiwa lini? Je, masharti ya chama yanasema nini?
5. Andikeni kifungu kimoja cha masharti kinachomhusu mwanachama aliyeachishwa kazi, mkilete kwenye kikao cha halmashauri kabla ya mkutano mkuu.